Nyota za Sufuria za Baba Ciru

Mwezi jana tulimzika Baba Ciru kule Kiamunyi, na mimi nikapewa kipaza sauti. Sikuwa nimejiandaa. Ciru mwenyewe, binti yake wa kwanza, alinishika mkono kwenye foleni ya kuutazama mwili akaniambia, "Jero, wewe ndio msichana wa kwanza baba aliandika kazi. Sema kitu kidogo tu." Basi nikasimama mbele ya hema, nikasema kwamba Baba Ciru alininunulia gambuti wiki yangu ya kwanza bila mimi kuomba, kwamba hakuwahi kunishika pasipofaa wala kumruhusu mwanamume mwingine anishike, na kwamba alipenda kuimba nyimbo za kanisa akichochea moto, na sauti yake ilikuwa mbaya kweli kweli. Watu wakacheka. Mjane akacheka huku analia. Yote niliyoyasema yalikuwa kweli. Nikarudi kuketi, nikaletewa sahani ya wali na kabichi na nyama, na hapo nikajikuta nafanya kile ninachofanya kila mahali nikialikwa penye chakula cha watu wengi. Niliinuka nikazunguka nyuma ya hema kwenda kuangalia matako ya sufuria. Zilikuwa zile nyepesi za dukani, hazina neno. Hata hivyo tumbo lilikuwa limeshafunga. Sahani nikampa mzee aliyeketi kando yangu, akashukuru sana, akadhani ni heshima.

Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyaacha pale kwenye kipaza sauti. Ni ya mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Habari za nyumbani kwetu na jinsi nilivyofika mjini Nakuru naziruka, hazina kazi hapa. Inatosha kujua kwamba masomo yalikuwa yameniishia mapema, kwamba nilikuwa mtu wa kuchekacheka hovyo, na kwamba nilitaka kitu kimoja kwa moyo wote. Nilitaka kumwaga.

Kumwaga ndilo neno letu. Unayeyusha alumini kuukuu, unaimimina ndani ya kalibu ya mchanga, inaganda, unavunja mchanga, na mkononi umebaki na sufuria, au puli ya kinu cha posho, au chochote ulichokusudia. Karakana ya Baba Ciru ilikuwa nyuma ya safu ya gereji, mabati pande tatu, upande wa nne wazi. Watu wanaosema chuma hakina harufu hawajawahi kufungua gea bokisi ya lori iliyolala kichakani miaka mingi. Mimi nilizifungua kila asubuhi, maana ilibidi kutenganisha alumini na vyuma vingine kabla ya kuyeyusha. Mafuta ya mle ndani huwa yameshakuwa uji mweusi, na huo uji hukaa na wageni wake. Moja niliifungua nikamkuta panya na watoto wake saba wamekaukia kwenye mafuta kama tende. Nililia, nakumbuka, kwa sababu vile vitoto vilikuwa vimeshikana. Mikebe ya soda ililetwa kwa magunia, na ukilipindua gunia hutoka funza, vichungi vya sigara, na maji ya rangi ya mkojo wa punda. Vyote vilienda motoni. Moto wenyewe ulikuwa wa oili chafu ya magari, na moshi wake ulilala kifuani kama paka. Asubuhi nikipenga kamasi kitambaa kilitoka cheusi. Mto wangu wa kulalia ulikuwa na sura yangu kwa masizi. Na alumini ikishayeyuka, uchafu wote huo ulipanda juu, ukafanya utandu mzito wa kijivu unaochemkachemka, na Wafula, fundi wetu wa kalibu, aliurushia konzi ya chumvi ya jikoni, akauchota kwa kijiko kirefu, akautupa chini ukitoa moshi. Huo utandu unaitwa mavi ya chuma, na sijawahi kuona kitu kilichopewa jina kwa haki zaidi.

Na bado nilikuwa na furaha, sitadanganya. Kwa sababu mavi yakishatolewa, chini yake palikuwa na kitu ambacho sijui nikieleze vipi. Alumini iliyoyeyuka haina wekundu wa moto. Ni nyeupe, inatetemeka, kama maziwa yaliyopewa uhai. Wafula na Baba Ciru walikishika chungu kwa koleo ndefu, huyu huku na yule kule, wakakiinamisha pamoja bila kusemezana, na yale maziwa yakaingia shimoni mwa kalibu yakapotea. Mimi nilisimama na tupa yangu mkononi, mdomo wazi. Kazi yangu ilikuwa ya baadaye. Sufuria ikitoka mchangani ina mkia pale ilipoingilia alumini, ina kingo kali, ina chunusi. Mimi nilikata mkia kwa msumeno, nikapiga tupa, nikapiga msasa wa kukwaruza, kisha msasa laini, kisha brashi, mpaka inang'aa. Nilikuwa hodari. Wafula aliniita Madam Msasa. "Madam Msasa, hebu nipige hii uso, naenda kanisani," alikuwa akisema akinisogezea shavu lake lenye ndevu. Wafula alikuwa mwembamba, wa miaka arobaini hivi, mdomo haupumziki. Nikimwambia nataka kumwaga, alijibu, "Wanawake humwaga uji." Baba Ciru hakucheka. Alisema, "Atamwaga. Siku yake itafika." Nililala na maneno hayo.

Lazima niseme habari ya viazi. Mchanga wa kalibu ukishapokea alumini unabaki na moto saa nzima, na desturi ya pale ilikuwa kufukia viazi vitamu mle, vikaiva polepole kwa maganda yao, na saa nne tukavila na chai ya Mama Njoki. Mama Njoki alikuwa na kibanda cha chakula ukutani mwa karakana, mama wa makamo, mkali wa mdomo na mwepesi wa mkono, kuku wake wakizunguka miguuni mwetu siku nzima. Vile viazi vilikuwa vitamu kuliko vyote nilivyowahi kula. Vilikuwa na kachumvi fulani kwenye ganda. Nilikuwa nikilamba vidole. Miezi minne nililamba vidole. Kisha siku moja niliwahi kazini kabla ya wakati wangu, na nikamkuta Wafula na vijana wawili wa gereji ya jirani wamesimama wamelizunguka rundo la mchanga, wamenipa migongo, miguu imepanuliwa, wananong'ona kama watu wa maombi. Nilidhani ni maombi kweli. Nikakaza kitambaa kichwani kwa heshima. Ndipo nikasikia lile tiririko.

"Wafula! Hapo ndio tunachoma viazi!"

Hakushtuka hata kidogo. Alimaliza, akafunga zipu, akachukua sepetu akaanza kuchanganya. "Madam, mchanga bila hiyo haishikani. Ni mchanga, molasi, na mkojo ya asubuhi. Ya jioni ni maji tu, haina nguvu. Mimi nilifundishwa hivo na aliyenifundisha alifundishwa hivo."

"Na mimi nimekuwa nikila!"

"Si moto inaua kila kitu? Umewahi kuugua?"

Sikuwa nimeugua. Hilo ndilo lililonichafua zaidi, kwamba mwili wangu ulikuwa umekubali. Nilienda nyuma ya karakana nikatia vidole kooni, nikatapika chai tupu. Mama Njoki aliposimuliwa alicheka mpaka akashika meza. "Kwani ulifikiri ile chumvi inatoka wapi, dukani?" Alikuwa akijua siku zote, yeye hakuwa akila. Kwa muda mrefu nilisimulia kisa hiki kama kichekesho, na hata leo watu wanakipenda, wananiomba nikirudie. Lakini nikikaa peke yangu nakiona kwa namna nyingine. Pale ndipo nilipojifunza kwamba kinyaa kina mlango, na ukiusukuma kwa kicheko unafunguka, unapita, na upande wa pili hakuna kinachonuka tena. Wiki ile ile nilirudi kula viazi. Ninasema hivi ili ieleweke vizuri yaliyofuata.

Sufuria ikishapoa, kabla ya kuisugua, inapimwa. Njia yetu ilikuwa hii: unaivaa kichwani kama kofia, unasimama juani, unaangalia juu. Kama sufuria ni nzima, unaona giza. Kama ina matundu ya hewa, hata yale madogo kuliko ncha ya sindano, unaona nyota. "Iko nyota ngapi?" Baba Ciru alikuwa akiuliza, na ikiwa na nyota inarudi motoni. Nilikuwa nikiipenda kazi hiyo kupita kiasi. Sufuria kubwa niliingia chini yake nikiwa nimechuchumaa, mikono imeishika kingo, na mle ndani mlikuwa kimya, mna joto, na juu yangu anga dogo la kwangu mwenyewe. Nilikuwa nikikaa zaidi ya inavyohitajika. Wafula aligonga kwa nje. "Madam, toka, Mungu amekuona."

Mvua za mwaka ule zilipokuja zilikuja kwa fujo, na zilikuja pamoja na kazi kubwa. Shule moja ya msingi ya upande wa Gilgil ilitaka sufuria sita za kupikia githeri ya watoto, kila moja kubwa kiasi cha kuogea mtu. Baba Ciru hakuwahi kupata kazi ya shule. Aliniita kando akaniambia, "Jero, hii tukiimaliza vizuri, ile inayofuata unashika koleo na mimi. Wafula atapumzika." Nilimrukia nikamkumbatia, akabaki ameganda kama mti, hajui aweke mikono wapi. Lakini mchanga ulikuwa umelowa. Paa lilivuja, na mchanga uliolowa ukikutana na alumini, mvuke unatafuta njia, na njia yake ni ndani ya chuma chenyewe. Tulipovunja kalibu zile sita nikaingia chini ya sufuria ya kwanza. Nilihesabu nyota thelathini nikaacha. Ya pili ilikuwa vile vile. Zote sita zilikuwa anga la Disemba.

"Zirudi motoni," Wafula alisema.

"Wanakuja kuzichukua Ijumaa," alijibu Baba Ciru, "na mchanga wa kukauka nitautoa wapi?" Akaingia gereji ya jirani, akarudi amekumbatia betri kuukuu ya gari. Aliipasua kwa nyundo. Ndani mna ledi, ile risasi ya kijivu, laini, unaweza kuikwaruza kwa ukucha. Akachukua msumari akapanua nyota moja, akatia kipande cha ledi, akapiga nyundo ndani na nje mpaka kikatanuka kikakaza kama kifungo. Akamwaga maji, hayakupita. "Hizi ni za kuchemsha, si za kukaanga," alisema. "Maji moto hayayeyushi ledi. Jero, zipige uso."

Nilimuuliza, "Na chakula, Baba Ciru? Haina neno?"

Akafungua mikono yake mikubwa mbele yangu. "Nimeshika ledi tangu sijaota ndevu. Niangalie. Nina nini?" Alikuwa mzima kama fahali. Akaanza kuimba.

Siku tatu nilizipiga uso. Ledi ni nyeusi kuliko alumini, kwa hiyo kila kifungo kilionekana kama jicho. Hapo mkono wangu ulihitajika. Nilikipunguza kwa tupa mpaka kikalingana na chuma, unga wake ukianguka miguuni mwangu, kisha nikapaka vumbi la alumini lililochanganywa na nta ya mshumaa, nikasugua kwa kisigino cha mkono. Jicho likafumba. Baba Ciru alipitisha kiganja chake mle ndani akasema hata yeye hajui ilipo. Sijui kama nimewahi kusifiwa vile tena maishani. Na Alhamisi, nikiwa nyuma ya mabati, nikamsikia Wafula kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, haina mzaha ndani: "Baba Ciru, yule jamaa wa betri haruhusu watoto wake wasogee pale. Anasema inaharibu akili. Hizi ni za watoto." Kisha Baba Ciru: "Wakipika mara tano, ukoko utafunika. Wacha maneno." Nami nikaokota msasa wangu nikaendelea.

Asubuhi hiyo hiyo kuku wa Mama Njoki walikuwa wameanza kuugua. Wa kwanza alikaa chini kwenye jua akashindwa kuinua shingo. Aliharisha majimaji ya kijani, yale ya kung'aa, yakashika manyoya ya nyuma na nzi wakaja kabla hajafa. Mama Njoki hakuwa mtu wa kupoteza kuku. Alimchinja kabla hajakata roho, na mchana tukala supu, mimi na Wafula na vijana wa gereji, na ilikuwa na mafuta mazuri juu. Wa pili alifuata mchana huo huo. Alipokuwa akimpasua, Mama Njoki aliniita. Nilimkuta amechuchumaa kando ya karai, firigisi imefunguliwa kiganjani kama mfuko mdogo. Katikati ya mahindi na changarawe kulikuwa na vipande vya kijivu, vyembamba, vilivyopinda kidogo. Niliujua mpindo ule. Ni tupa yangu iliyovipinda. Kuku huokota changarawe za kusagia chakula, na hawa walikuwa wameokota za kwangu.

"Jero, hii ni nini?"

Harufu ya yale matumbo moto ilinipanda. Nilikuwa na supu ya kuku mwenzake tumboni. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, shule wanakuja, na Jumatatu nilikuwa nimeahidiwa koleo. Mambo hayo yote nilikuwa nayo kichwani kwa wakati mmoja, nikaweza kuchagua.

"Ni vumbi ya sufuria tu, Mama," nikasema. "Haina kitu."

"Hakika?"

"Kweli kabisa."

Akaivua ile ngozi ya ndani, akaitupa, akaiosha firigisi. Aliniletea mimi, imekaangwa na kitunguu, kwa sababu alikuwa akinipenda. Niliila mbele yake. Sasa nina miaka thelathini na kitu, nimekula vibaya mahali pengi, lakini nikisema neno kinyaa mdomo wangu unakumbuka ile firigisi, jinsi ilivyokuwa ngumu kidogo, jinsi nilivyotafuna nikitabasamu.

Jumatatu nilimwaga. Baba Ciru alishika mkono wa mbele wa koleo, mimi wa nyuma, na joto likanipiga usoni mpaka nyusi zikajikunja. Nilikuwa nimeota uzito wake mara nyingi na nilikuwa nimeukadiria sawasawa. Tuliinamisha, maziwa yakaingia shimoni bila kumwagika hata tone, na Wafula akapiga mluzi. "Madam amemwaga! Leo ni sikukuu!" Nilisubiri ile furaha. Nilikuwa nimeitunzia nafasi mwaka mzima. Iliyokuja ilikuwa ladha ya kitunguu na chuma nyuma ya ulimi, na nikaomba ruhusa nikaenda pale nilipotapikia viazi, lakini safari hii hakuna kilichotoka. Wakati huo sufuria sita zilikuwa zimeshaondoka, zimepangwa kwenye gari la shule, zinang'aa kama za harusi.

Huenda ningeishi na jambo hilo. Nasema hivi kwa sababu nimekutana na watu wanaodhani wao wasingeweza, na mimi najua mlango unavyofunguka. Lakini kuku waliendelea kufa, na Mama Njoki hakuwa mtu wa kukosa mshukiwa. Kando yake alikuwa akiuza uji bibi mmoja mpole tuliyemwita Nyanya Adhiambo, ambaye alikuwa amewahi kulalamika kwamba kuku wanamchafulia benchi. Asubuhi moja nilifika nikakuta Mama Njoki amesimama mbele ya benchi lile, kuku aliyelegea mkononi, anamtikisa usoni mwa yule bibi. "Mwambie huyu ulimpea nini! Mwambie!" Nyanya Adhiambo alikuwa akisema, "Mimi, Mama Njoki? Mimi nimekula kwako." Wateja walikuwa wakiusukuma uji wake mbali. Mmoja aliutema chini. Siku mbili baadaye benchi halikuwepo. Nyanya alikuwa amelibeba kichwani akaondoka, na hakuna aliyejua ameenda kuuzia wapi.

Nilimwambia Mama Njoki siku hiyo, nikiwa nimesimama, maana sikuthubutu kukaa kwenye kiti chake. Nilimwambia ule ulikuwa unga wa ledi tuliyozibia sufuria, unatoka kwenye tupa yangu, na nilijua nilipoulizwa. Alinisikiliza akiwa ameshika mwiko. Nilidhani atanipiga nao. "Nilikupikia," alisema. "Nikakupea wewe ile nzuri." Kisha macho yake yakahama, nikaona anafikiri, anahesabu waliokula supu, na uso wake ukakunjika kama mtu aliyekanyaga kitu. "Na hiyo ingine iko wapi? Ile umesema umeziba nayo?" Nikamwambia iko Gilgil, shuleni. Mama Njoki alitema mate kando ya mguu wangu. "Basi unafanya nini hapa?"

Nilifika shuleni kabla ya saa sita nikiwa na nyundo na msumari mnene kwenye mfuko. Jikoni palikuwa jengo la mbao lililojaa moshi, na mpishi alikuwa mrefu sana, anaitwa Ekai, amevaa aproni ya mpira. Nilimwambia natoka karakana ya sufuria, nimekuja kuzifanyia sevisi. Akafurahi. "Hizi sufuria ni safi," alisema, "hata mwalimu mkuu alikuja kuzipiga picha." Tano zilikuwa zimefunikwa nje, zimeoshwa. Ukoko wa Baba Ciru haukuwa umefunika chochote. Ile nta yangu ilikuwa imeyeyuka siku ya kwanza, na ndani ya kila sufuria vifungo vilitazama juu, vyeusi, vimezungukwa na utando mweupe. Niliweka msumari kwenye cha kwanza nikapiga. Kiliruka. Nikapiga kingine. Ekai alisimama akitazama jua likipenya kwenye tako la sufuria, na kwa muda hakuelewa anaona nini.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Ni risasi ya betri, ndugu. Tuliziba nayo matundu. Ni sumu. Mimi ndiye nilizifunika."

Alinipokonya nyundo. Lakini tano nilikuwa nimeshazitoboa, angalau vifungo viwili viwili, hazingeshika maji tena. Ya sita ilikuwa ndani, juu ya moto, imejaa githeri tangu alfajiri, inabubujika. Nikamwambia hiyo imwagwe. Akanitazama kama mwendawazimu. "Watoto wanatoka saa saba. Wengine hawajatia kitu mdomoni tangu jana. Wewe umekuja umeharibu mali ya shule, sasa unataka nimwage chakula? Nani amekutuma? Ni wale walinyimwa hii kazi?" Nilijaribu kueleza kuku, shingo zao, yale majimaji ya kijani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika mwongo. Ekai akachukua sahani. Akachota githeri, akaiweka mbele yangu mezani, na kijiko juu yake. "Sawa," akasema. "Kama umekuja kuniharibia kazi, utakula, kwa sababu unajua ni nzuri. Kula nikuone."

Ilikuwa githeri nzuri. Maharagwe yalikuwa yameiva yakapasuka, kulikuwa na kiazi na majani ya dania, na nilikuwa na njaa ya safari. Nilichukua kijiko ili nimwonyeshe kwamba sikatai kwa dharau. Kikafika karibu na mdomo, na mvuke wake ukanigusa midomo. Mate yalinijaa, yale ya chumvi yanayotangulia. Mwili wangu, ambao ulikuwa umekubali panya na funza na mkojo na firigisi, ulifunga mlango. Nilitapika pale pale, juu ya meza, juu ya mikono yangu, nikaendelea hata tumbo lilipokuwa tupu, nikimshika Ekai kwenye aproni ili nisianguke, nikimchafua na yeye. Hakunisukuma. Alikuwa akinitazama usoni kwa makini, kama mtu anayesoma barua. Kisha alinikalisha kwenye gunia la mahindi, akachukua matambara mawili, akaishika ile sufuria masikio yote mawili, peke yake, akaiburuta hadi nje akaimwaga nyuma ya jiko.

Mbwa wa shule walikuja mara moja. Ekai aliwafukuza kwa mawe. Walirudi, akawafukuza tena, akaanza kuifukia kwa jembe, mvuke ukipanda kwenye mchanga, jasho likimtoka, akitoa bila shaka matusi kwa lugha yake. Nilipoweza kusimama nilishika sepetu nikamsaidia. Hatukuwa tumemaliza kengele ilipolia. Walitoka madarasani mbio, kila mmoja na sahani yake ya plastiki na kijiko ndani kikicheza, wakajipanga mstari bila kuambiwa, wadogo mbele. Ekai aliegemea jembe. "Nenda uwaambie," akasema. "Mimi siwezi."

Nikaenda nilivyokuwa, matapishi kwenye blauzi. Nikasimama mbele ya mstari nikawaambia kwamba leo hakuna chakula, kwamba sufuria zilikuwa na kitu kibaya, na kwamba aliyekificha ni mimi. Wa mbele walinitazama. Msichana mmoja, labda wa darasa la pili, aliinua mkono kama yuko darasani, akaniomba niseme tena kwa nguvu kidogo, kwa sababu wale wa nyuma hawajasikia.

Nikasema tena.